Mkanda wa tatu: ncha imekubali

Nazungushia ugwe wa ngozi kwenye kingo za mkanda wa suruali, na jana saa tano usiku ncha imekubali. Nimeifumua mara nne na vidole viwili vina malengelenge, lakini nikiuinua mkanda kwenye taa sioni ngozi tupu ikichungulia popote.

Pande zilizonyooka hazina neno. Vitanzi pacha vinajiendea: unaingia tunduni, unarudi chini ya msalaba wa kitanzi kilichotangulia, unakaza, unasonga. Balaa ni pale ncha inapopinda. Ukingo wa nje ni mrefu kuliko mstari wa matundu ulio ndani, basi vitanzi vinatawanyika kama vidole vya kiganja kilichokunjuliwa. Kwanza nikatoboa matundu yakaribiane. Ngozi iliyobaki kati yake ikachanika, nikakata sentimita mbili nzima na kuanza upya. Nikabadili nikaweka ugwe mpana. Ukatoka nundunundu, mgongo wa mamba. Nikalegeza mkono, vitanzi navyo vikalegea.

Kumbe dawa ni kurudia tundu lilelile mara mbili, na lile la nchani kabisa mara tatu. Matundu ni yaleyale, vitanzi ndivyo vinaongezeka. Ila tundu hilo la mwisho lipanue kwanza kwa msharasi, la sivyo ugwe unachunika ukipita mara ya tatu. Najua, nimeharibu ugwe wa maana hivyo.

Ugwe naukata mwenyewe kwenye ngozi ya mbuzi, upana wa milimita 3. Mkanda wa sentimita 110, kingo zote mbili ni mita 2.2, na vitanzi pacha vinakula kama mara saba ya urefu huo: mita 15 na ushei. Usijaribu kuuvuta wote kwa mkupuo. Mimi naenda na mita moja na nusu, maana ugwe ukishapita matundu mengi unalika na kuota manyoya. Kuunga ni kuparua ncha moja juu, nyingine chini, gundi, nyundo kidogo.

Sindano ya meno mawili nimeitupa kwenye droo. Inatema ugwe kila baada ya matundu kumi, halafu inakwama. Siku hizi nachovya ncha ya ugwe kwenye supa gluu, ikikauka naichonga kama kalamu. Inapenya kuliko sindano, na ikichakaa nakata.

Leo ilikuwa nipake rangi nyeusi kisha nifunge chuma cha mkanda. Asubuhi nikaujaribu kwenye jinzi: hauingii kwenye vishikio vya kiunoni! Ngozi niliikata milimita 38, na vitanzi vimeongeza kama 3 kila upande. Nimeupima mara mbili, 44. Mikanda miwili iliyotangulia nilishona uzi wa kawaida, sikuwahi kuwaza jambo hili.

Basi huu utakuwa mkanda wa begi, na begi lenyewe sina. Nimeshachora mfuko wake kwenye boksi la viatu, mfuniko wenye pembe nne za kuzungushia vitanzi. Mkanda wa nne nitaukata milimita 32. Rangi ipo koponi, sijaifungua.