"Najua," nikasema

Jumapili usiku, watoto wamelala, na neno moja la Jumanne bado limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Dada, samahani," kijana wetu wa fildi aliniambia huku akinyoosha kidole kwenye skrini yangu. "Thredi hii haijaanza. Umeita run, hujaita start."

"Najua," nikasema.

Sikuwa najua. Siku mbili nzima nilikuwa nahangaika kwa nini ukurasa wa ripoti unaganda mpaka meseji za wateja ziishe kutumwa, na thredi ya kuzituma, yaani njia ya pembeni ya programu kufanyia kazi hiyo huku mengine yakiendelea, nilishaiunda. Yeye kapita na kikombe chake cha chai, kaona.

Wiki ilikuwa na mambo yake: shangazi kahamia kwetu moja kwa moja, mteja kapokea mfumo, gari limetoka gereji. Mimi nasikia lile "najua" tu, na jinsi alivyosema "sawa dada" kwa sauti ndogo, akarudi kwenye kiti chake.

Usiku ule ule wa Jumanne niliufungua tena msimbo, ulioandikwa kwa Java, lugha ya programu. Ukiandika new Thread umepata objekti tu, kitu kilichoundwa kikakaa, hali yake NEW, mpya. start() ndiyo inayoifanya Java iipe njia yake ya kukimbilia, na run() huitwa humo ndani. Ukiita run() mwenyewe, kazi itafanyika, lakini atakayeifanya ni yule yule aliyeita. Nikachapisha jina la thredi iliyo kazini. Nilitarajia Thread-0, jina la thredi yangu mpya, ikatoka main, thredi kuu ya programu. Nikachapisha hali ya objekti yangu baada ya meseji zote kwenda: NEW. Kazi imeisha, na mwenye kazi hajazaliwa! Niliitazama ile NEW muda mrefu.

Ijumaa nikamfuata. "Mdogo wangu, ile Jumanne sikuwa najua. Nilikujibu vibaya. Ahsante."

Akainamisha kichwa, akacheka kidogo, kisha akafungua daftari lake la chuo. Miduara mitano ya hali za thredi, mishale ya kalamu nyekundu, "tayari" na "inakimbia" kila moja na mduara wake. Nikavuta kiti. Tukakaa hadi saa kumi na mbili. Nikamwonyesha kwamba tangu toleo la 5, mwaka 2004, Java yenyewe hutaja hali sita, na hizo mbili zake zote inaziita RUNNABLE, inayoweza kukimbia. Kilichomshika hasa ni sleep na wait. Thredi ikiita sleep ndani ya synchronized, chumba cha msimbo ambacho mwenye ufunguo ndiye huingia, inalala na ufunguo mfukoni, wenzake wanarundikana mlangoni, BLOCKED, wamezuiwa. Ikiita wait, inauachia ufunguo kwanza, ndipo inakaa kungoja kuamshwa.

"Na ikishakufa, dada, tukiita start tena?"

"Jaribu."

Akaandika, akabonyeza. Kosa: IllegalThreadStateException, nyekundu, mstari wa 14. Aliruka kwenye kiti kama aliyefunga goli.

"Kwa hiyo tunaunda nyingine!"

"Tunaunda nyingine. Ile kazi yenyewe unaipa tu hiyo mpya."

Nilirudi nyumbani mwepesi, nikapika mwenyewe, hata shangazi akaniuliza kuna nini.

Ila leo mchana mama kapiga simu. Lile jicho lake la kushoto limeanza tena kutoa machozi, na dawa ya matone imekwisha tangu Alhamisi. Tumeongea mara mbili tangu hapo na hakunigusia. Kesho nitampigia kaka mapema, kabla hajatoka kwenda shamba.