Fei lou

Juzi mwanangu kanipa karatasi ya hesabu bila kuniangalia, akasema "baba nimefeli" akaingia chumbani. Nikabaki sebuleni, na neno lililonijia kichwani ni fei lou, neno la Kikantoni, lugha ya Hong Kong.

Kuna miaka niliishi Hong Kong, nikajifunza Kikantoni darasani. Siku matokeo ya mtihani yalipotoka na mi nimefeli, nilitembea kutoka stesheni ya Sham Shui Po natunga sentensi njia nzima, maana Po Po mwenye nyumba (po po ni bibi, ndivyo nilivyomwita) lazima angeuliza. Darasani tulifundishwa cho jit, yani pigo la maisha, neno la magazetini na hotuba. Nikamkuta jikoni anakoroga uji wa mchele wenye samaki na tangawizi, nikamwambia kwa Kikantoni nilichokipanga vizuri kabisa kwamba nimepatwa na cho jit.

Mwiko ukasimama. Akazima gesi, akanitazama, akauliza taratibu, kwenu kuna aliyefariki? Nikasema hapana Po Po, mtihani. Akashusha pumzi mpaka mabega yakalegea, "aaa, fei lou!" Fei lou mi najua ni jamaa mnene, sikuelewa mnene anaingiaje hapo, ndo akanielezea kua ni Kiingereza cha kushindwa mtihani, wenyewe wamekisikia hivyo wakakitamka hivyo. Kumbe ni kufeli yetu ile ile! Mwingereza katawala kwao katawala kwetu, neno moja, sisi tukatoka na kufeli wao wakatoka na fei lou. Akawa ananihesabia huku anapakua: ukimtongoza msichana akakukataa umekula limau, sik ning mung, ukifanya jambo kwa pupa likakuharibikia umegonga ubao, jong baan. Nikamwambia Po Po, sisi tunagonga mwamba. Akacheka sana, akanisukumia bakuli, na mi nikalia pale pale juu ya uji, sio kwa sababu ya mtihani nadhani, ni vile cho jit nilikua nimeibeba peke yangu toka asubuhi na fei lou hata yeye ilishampata.

Kwenye karatasi ya mtoto mwalimu kaandika "hajafikia kiwango kinachotarajiwa". Nimeisoma mara tatu. Sijui kama neno jepesi linapunguza maumivu au linatuzoesha tu. Nimepika uji, nikatia tangawizi, nikagonga mlango wake.