Rafu ya CBC: kumbukumbu ya mradi wangu wa santuri

Machi

Mradi umepata mpaka hatimaye. Nilikuwa nanunua kila santuri ya Kanada yenye jalada la kuvutia, mpaka mke wangu akaniuliza mwenye nyumba ni nani, sisi au makreti. Sasa nakusanya aina moja tu: santuri zilizotengenezwa na shirika la utangazaji la umma lenyewe, yaani CBC kwa Kiingereza na Radio-Canada kwa Kifaransa. Santuri ya msanii aliyewahi kupigwa redioni haihesabiki. Nataka zile ambazo shirika lilirekodi, likafyatua nakala chache, likazituma kwenye stesheni zake na kwa watangazaji wa nchi nyingine. Nyingi hazikuuzwa dukani hata siku moja, na zimeandikwa hivyo kwenye lebo kwa lugha zote mbili.

Ninaishi kusini mwa Ontario, kwa hiyo machimbo yangu ni magulio ya santuri ya Jumapili: kumbi za hoteli, chini ya makanisa, kumbi za maveterani. Utaratibu ni ule ule kila mahali. Unalipa kiingilio kidogo mlangoni kuanzia saa nne asubuhi. Anayetaka kuingia mapema, wauzaji wakiwa bado wanapanga meza, analipa zaidi, na hao ndio wanaobeba jazi yote nzuri kabla sisi wengine hatujamaliza kahawa. Mimi silipi hiyo. Ninachotafuta kiko sakafuni, kwenye makreti ya dola mbili mbili, na hakuna anayekigombania.

Aprili

Kazi ya mwezi huu ilikuwa kupanga kwa umri, maana nyingi hazina mwaka. Kinachosaidia ni nembo. Ile ya zamani ina ramani ya Kanada. Mwaka 1974 mbunifu Burton Kramer alichora herufi C inayotawanyika pande zote kwa rangi za moto, ambayo wenyeji wanaitania kuwa ni piza iliyolipuka. Mwaka 1986 rangi zikaondolewa ikabaki moja, na 1992 vipande vikapunguzwa. Kwa hiyo lebo yenye piza kamili naiweka kati ya 1974 na 1986 bila kuumiza kichwa. Lebo naiamini kuliko jalada, kwa sababu santuri zikipita mikono mingi hubadilishana majalada.

Jina la idara nalo linasema kitu. Idhaa ya nje ilianza kurusha matangazo Februari 1945, studio zikiwa Montreal na minara ya masafa mafupi ikiwa Sackville, New Brunswick. Jina la Radio Canada International lilikuja 1970. Masafa mafupi yakazimwa 2012 bajeti ilipokatwa, na minara ikaangushwa baadaye.

Hawa wa idhaa ya nje ndio walionipa sehemu kubwa ya rafu. Kuanzia 1978 walitoa mfululizo wa masanduku, kila sanduku likiwa na santuri kadhaa za mtunzi mmoja wa Kanada pamoja na kijitabu cha Kiingereza na Kifaransa. Harry Somers, Jean Coulthard na wenzao. Ni muziki mgumu. Sitadanganya, kuna pande ambazo nimezimaliza kwa nidhamu tu. Lakini ufyatuaji ni safi, na kwa kuwa karibu hakuna aliyewahi kuzicheza, nyingi ziko katika hali ambayo wauzaji huiita karibu mpya. Bei yake gulioni ni kama ya sandwichi.

Mei

Upande wa pili wa mizani ni santuri za Northern Service, idhaa ya kaskazini iliyoanzishwa 1958. Hawa walirekodi wanamuziki wa Kiinuiti na wa mataifa mengine ya asili, wakatoa santuri ndogo za inchi 7 na baadaye albamu. Charlie Panigoniak, aliyeimba kwa Kiinuktitut, lugha ya Wainuiti, na gitaa lake, alirekodiwa nao mwaka 1973. Bendi ya Sugluk ilitoka Salluit, kijiji cha pwani ya kaskazini kabisa ya Quebec, ikipiga roki kwa lugha ya nyumbani. Willie Thrasher wa Aklavik alitoa albamu yake Spirit Child kupitia CBC mwaka 1981.

Nimefikiri sana juu ya hesabu yake. Vijiji vile vina watu mamia, vingine elfu moja na kitu, na barabara ya kuviunganisha na kusini haipo. Kampuni gani ya Toronto ingelipia studio kwa ajili ya wasikilizaji hao? Hakuna, na haikuwa kosa lao, biashara ni biashara. Shirika la umma lililipa kwa sababu stesheni zake za kaskazini zilihitaji nyimbo ambazo wasikilizaji wangezielewa. Basi.

Kisha 2014 kampuni ya Light in the Attic ikatoa mkusanyiko wa muziki huo, uliotayarishwa na Kevin Howes baada ya miaka ya kuchimbua santuri hizi na kuwatafuta wanamuziki wenyewe. Tangu hapo soko limeamka. Mwezi huu nilikuta santuri moja ndogo ya Northern Service kwenye meza ya mbele, ndani ya mfuko wa plastiki mgumu, na bei yake ingelisha familia yangu wiki nzima. Niliishika, nikasoma lebo pande zote mbili, nikairudisha. Kwenye kitabu cha mradi nimeiandika kwenye ukurasa wa zilizoonekana, ambao unazidi kurefuka kuliko ule wa zilizonunuliwa.

Juni

Mabishano na muuzaji. Ni mzee mcheshi, namwita mzee na yeye hupenda nikimweleza maana yake. Aliona naweka santuri za CBC kwenye mfuko akaniambia kodi yake inalipia watu wa kumhubiria, na kwamba shirika lile lifungwe. Si peke yake. Katika uchaguzi wa Aprili 2025 jambo hili lilikuwa jukwaani: Pierre Poilievre, kiongozi wa chama cha Conservative, aliahidi kuondoa ruzuku ya upande wa Kiingereza na kubakiza wa Kifaransa, naye Mark Carney wa chama cha Liberal akaahidi kuongeza dola milioni 150. Ruzuku yenyewe wakati huo ilikuwa kiasi cha dola 33 kwa kila mkazi kwa mwaka.

Nilimjibu kwamba meza yake ina mkono wa serikali kila kona, nikamwonyesha. Chukua santuri za Kanada za miaka ya sabini, kwenye lebo za nyingi utaona duara lililogawanywa vipande vinne: M, A, P, L. Muziki, msanii, mahali pa kurekodi, mashairi. Viwili kati ya vinne vikiwa vya Kanada, wimbo unahesabiwa wa nyumbani. Duara hilo lipo kwa sababu kuanzia 1971 stesheni za biashara zililazimishwa kupiga angalau asilimia 30 ya nyimbo za Kanada, na leo kwa muziki wa kupendwa ni 35. Kabla ya sheria hiyo, 1962, baadhi ya stesheni binafsi zilianzisha mfuko wao, Canadian Talent Library, kwa ajili ya kurekodi wasanii wa hapa. Ndiko ilikotoka Reggae Magic ya Jackie Mittoo, mpiga kinanda Mjamaika aliyehamia Toronto. Kreti lake lilikuwa nayo, kwa bei isiyo ya utani.

Akasema hiyo ni hoja ya sheria, si ya shirika. Hapo alinibana kidogo, nakiri. Lakini mfuko wa stesheni binafsi ulirekodi muziki laini wa kupigwa mchana bila kumkera mtu, na ndiyo kazi waliyoitaka. Sanduku la Somers halikutoka huko, wala Sugluk. Mzee alicheka, hakubadili msimamo, na hakupunguza bei.

Upande wake una jambo ambalo sikulisema pale. Shirika lenyewe limekuwa likitupa vyake. Okestra ya redio ya Vancouver, iliyoanza 1938, ilivunjwa 2008. Maktaba za santuri za stesheni zimepunguzwa na kufungwa, na ndiyo maana nusu ya nilizonazo zina mhuri wa maktaba ya stesheni fulani na namba iliyoandikwa kwa kalamu. Ninachookota mimi ni kilichotolewa nje na wenyewe.

Agosti

Aliyekulia Tanzania hahitaji somo hili refu. Nchi haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, kwa hiyo bendi za Dar es Salaam zilirekodi kwa Radio Tanzania, na aliyetaka santuri alipeleka kazi Nairobi. Kanda zikabaki kwenye maktaba ya RTD, ambayo sasa ni TBC. Nyimbo nyingi za enzi ile ziko hai kwa sababu fundi mitambo wa serikali alibonyeza kitufe cha kurekodi. Tofauti ni kwamba CBC ilifyatua nakala, na nakala hutawanyika, hufichama kwenye vyumba vya chini vya watu, huibuka gulioni.

Mwezi huu nimepata kitu kizito kwa maana zote mbili: sahani ya inchi 16, ya aluminiamu iliyopakwa laka, ya zama za kabla ya kanda. Sahani za laka ndizo waandishi wa CBC walizotumia vitani. Taarifa za mwandishi wake Matthew Halton kutoka Ortona, Italia, Desemba 1943, zilichongwa hivyo na mafundi waliobeba mitambo ndani ya magari. Hii yangu haina lebo ya kuaminika, kwa hiyo sidai chochote. Ina unga mweupe juu, ambao si ukungu: ni asidi ya mafuta inayotoka kwenye laka ikizeeka. Siigusi kwa sindano wala kwa maji. Laka ikianza kupasuka inabanduka vipande vipande pamoja na sauti, na mashine yangu hata hivyo inaishia inchi 12. Nimeiweka wima kwenye karatasi isiyo na asidi na kuiandikia chuo kimoja chenye maabara ya sauti.

Septemba

Hali ya mradi: kadi zote zimeandikwa upya kwa nembo, idara na mhuri wa maktaba. Safu ya mhuri ndiyo imekuwa ya kuvutia kuliko zote, maana inaonyesha santuri ilikaa stesheni gani kabla ya kuja kwangu. Usafishaji umefika katikati. Chuo kimejibu kwamba kitaipokea sahani kwa uchunguzi, nami nilipie usafiri.

Gulio lijalo ni Oktoba. Yule mzee ameahidi kuniwekea sanduku la Violet Archer, mtunzi mwingine wa mfululizo ule, na kwa kunikomoa ameniambia bei imepanda kwa sababu sasa anajua kuna mnunuzi. Nafasi iliyobaki kwenye rafu ya chini inatosha sanduku moja. Rafu ya juu ni ya vitabu vya watoto, na huko nimekatazwa.