Choo kigumu kwa mgonjwa wa kitandani: ninavyopima na kuhudumia

Kwenye wodi ya mifupa, mgonjwa aliyevunjika paja akafungwa uzito wa kuvuta mfupa na huku anapewa mofini ya kutuliza maumivu atafunga choo, aulizwe asiulizwe. Hajongei, anakula ugali wa sembe na mboga kidogo, na maji anayapunguza makusudi ili asiombe bedipani, chombo cha choo cha kitandani, mara kwa mara. Juu ya hayo, mofini inapunguza mwendo wa utumbo. Usingizi na kichefuchefu cha mofini mwili huvizoea baada ya siku chache, lakini kufunga choo hauzoei. Kwa hiyo nikiona mofini imeandikwa bila dawa ya choo, namrudia daktari siku hiyohiyo.

Mara nyingi dawa hiyo huwa bisakodili, miligramu 5 hadi 10 usiku. Hufanya kazi baada ya saa 6 hadi 12, hivyo choo huja asubuhi wahudumu wakiwepo. Kidonge kimezwe kizima, na kisiende pamoja na maziwa wala dawa ya kiungulia: ganda lake likiyeyuka mapema, tumbo litasokota. Laktulozi, dawa ya maji ya kulainisha choo, huchukua siku moja hadi mbili, hujaza gesi, na huhitaji maji ya kutosha.

Swali la “umepata choo?” halinisaidii. Babu akiulizwa na binti wa umri wa mjukuu wake, tena pazia halifungi vizuri, atajibu “ndiyo, sista” yaishe. Nainama karibu, nashusha sauti: “Babu, mara ya mwisho ni lini? Kilikuwa kama cha mbuzi au laini? Ulijikamua? Ulihisi kimebaki? Upepo unatoka?” Nauliza pia ratiba yake ya nyumbani, maana kuna anayekwenda kila siku na kuna wa kila baada ya siku mbili, na wote ni wazima. Halafu napitia dawa zake. Madini ya chuma, amitriptilini, kodeini na verapamili zote hukausha au kuchelewesha choo.

Tumbo nalitazama, nalisikiliza, ndipo nalibonyeza. Nikianza kubonyeza nitachochea sauti za utumbo ambazo hazikuwepo. Upande wa kushoto chini mara nyingi nakuta mabonge yanayobonyea. Lakini tumbo likiwa limevimba, mgonjwa anatapika, upepo hautoki na maumivu yanakuja kwa mawimbi, dawa ya choo haiguswi wala enema (maji ya kuingizwa njia ya nyuma) haiwekwi. Huenda utumbo umeziba, na hapo anaitwa daktari wa upasuaji.

Kinachopoteza wengi ni kuharisha kwa uongo. Bibi amelala siku nyingi bila choo, ghafla shuka linalowa majimaji ya kahawia, kidogokidogo, bila yeye kujua. Mtu anaandika “anaharisha”, anapewa loperamidi ya kuzuia kuharisha, na hali inazidi. Majimaji hayo yanapenya kando ya bonge lililokwama kwenye rektamu, mwisho wa utumbo mpana. Nikipata idhini yake na kama hakuna kizuizi, kidole chenye glavu na jeli kinanipa jibu mara moja.

Bonge likiwa chini, naanza na kidonge cha gliserini au bisakodili cha njia ya nyuma. Cha bisakodili lazima kigusane na ukuta wa utumbo. Ukikichomeka katikati ya kinyesi hakitafanya kitu. Ikishindikana naweka enema. Mgonjwa analalia ubavu wa kushoto, goti la kulia limekunjwa, kwa kuwa utumbo mpana unateremkia upande huo. Maji yawe ya uvuguvugu, mililita 500 hadi 1,000 kwa mtu mzima, na hewa itolewe kwanza kwenye mpira. Mpira uliopakwa jeli unaingia sentimita 7 hadi 10, ukielekea kitovuni, na ukigoma hausukumwi. Chombo kisizidi sentimita 45 juu ya makalio. Tumbo likisokota nakishusha au nabana mpira mpaka litulie. Sabuni ya kufulia, ambayo bado naiona ikitumika, huunguza ngozi laini ya ndani. Na kurudiarudia maji matupu si salama pia: mwili huyafyonza, chumvi ya damu ikashuka.

Kutoa kwa kidole ni hatua ya mwisho na huhitaji agizo. Napima mapigo kabla, na mwenzangu anaendelea kuyafuatilia, kwa sababu mishipa ya fahamu ya eneo hilo inaweza kuuzubaisha moyo. Yakishuka, au mgonjwa akitoka jasho na kuzimia, naacha. Aliyeumia uti wa mgongo usawa wa katikati ya kifua au juu zaidi namwangalia mara mbili: kichwa kikimgonga ghafla na presha ikapanda, naacha, namkalisha, naita daktari.

Bonge likishatoka, matunzo ni ya kila siku. Anayeruhusiwa kukaa namweka kwenye kiti cha choo zikishapita dakika 20 hadi 30 baada ya chai ya asubuhi, utumbo unapoamshwa na chakula, miguu juu ya kigoda, magoti yapite nyonga, ainame mbele. Ndugu nawaomba papai, mchicha na maharage badala ya soda. Pumba simpi anayekunywa kikombe kimoja kwa siku, zitamkaukia ndani. Mwenye moyo au figo mbovu, kiasi cha maji anapanga daktari.

Kwenye faili siandiki “choo kawaida”. Naandika tarehe, kiasi, namba ya Bristol (kipimo cha umbo la choo) kuanzia 1, kigumu kabisa, hadi 7, majimaji, na alichopewa. Siku ya tatu ikipita patupu, zamu inayoingia inaambiwa kwa mdomo pia.