Malalo yenye joto

Jana jioni binti yangu alivaa koti langu la mvua, lile la zamani linalomfika visiginoni, akaingiza mkono mfukoni akatoa ganda la risasi. Akalinusa. Baada ya miaka 12 baruti haina harufu tena, lakini mimi niliisikia.

"Baba, huyu uliyempiga alikufa papo hapo?"

Nikamwambia akanawe mikono. Swali nimelala nalo.

Nilikuwa nikiwinda na mjomba wangu. Ilikuwa siku yetu ya tatu msituni na siku ya tatu ya mvua, ile ya baridi inayokuja kwa ubavu. Upepo ulikuwa mbaya kuliko mvua: ukiingia bondeni unazunguka, mara usoni, mara kisogoni, na kulungu akishapata harufu ya mtu hana haja tena ya kumwona. Mara mbili tulisikia mkoromo, kwato likagonga chini, kisha mkia mweupe ukapotelea vichakani. Kila nikipumua karibu na darubini ya bunduki, kioo kinaingia ukungu.

Giza likiwa linakaribia, dume akatokea. Mita 80 hivi, amesimama ubavu. Nilijua pa kulenga, nyuma tu ya bega. Nilijua pia kwamba vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi, havisikii kifyatulio. Nikapiga. Hakuruka. Alikunja mgongo, akaondoka akitembea.

Mjomba akashusha darubini yake. "Mjomba," akaniambia taratibu, "umempiga nyuma mno."

Aliyewinda anajua uzito wa maneno hayo. Ukipata mapafu, damu inatoka nyekundu yenye povu. Unasubiri nusu saa, unamkuta hapo karibu. Ukipata utumbo, damu ni kidogo, imechanganyika na uchafu wa kijani wenye harufu ya majani yaliyochacha, na mnyama unamwachia muda wa saa 6 hadi 8, hata zaidi. Asipofuatwa atalala karibu. Akifuatwa mapema anaamka na kwenda mbali na maumivu yake. Sasa uyapange hayo wakati mvua inaosha kila tone. Mjomba alitaka tusubiri mpaka asubuhi. Mimi nikasema asubuhi hapatakuwa na cha kufuata. Tukasubiri saa moja, ambayo haikuwa ya kwake wala yangu.

Tulifuata kwa magoti. Mjomba alikuwa na chupa ya peroksaidi, dawa ile ya kusafishia vidonda: ukiipulizia jani lenye maji tu hubaki vile vile, lenye damu hutoa povu jeupe. Palipotoka povu alifunga kipande cha utepe, ili tukigeuka nyuma tuone mnyama ameshika mwelekeo gani. Damu ya ardhini ilikuwa imeshakwenda na maji. Iliyobaki ni ile aliyojipangusia kwenye mabua akipita, usawa wa paja langu, na kidogo chini ya majani ambako mvua haikufika.

Kisha utepe ukaisha, na mbele yangu tochi ikaangaza malalo.

Nyasi zilikuwa zimelazwa umbo la yai, urefu wa hatua moja na kitu. Msitu mzima ulikuwa unachuruzika, lakini pale katikati palikuwa pakavu. Nikavua glavu nikaweka kiganja. Palikuwa na joto, joto la kitanda ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Nywele tatu zilinishika mkononi, nene, zenye uwazi ndani kama mrija. Ndizo blanketi lake la baridi. Kando kulikuwa na doa jeusi la damu. Matone ya mvua yalianza kuangukia nyasi kavu, moja hapa, moja pale, na nikiwa nimeweka mkono vile vile nilisikia joto linaondoka. Mjomba akapiga goti, akaweka kiganja chake kando ya changu. Akazima tochi. Tukasikiliza. Mvua tu.

Tulirudi kambini. Alfajiri tulimkuta ng'ambo ya kijito, mita 300 kutoka pale, amekwisha poa. Mapaja na mabega tuliyaokoa. Mjomba alichuna kimya, na katikati ya kazi akaninyooshea kisu nimalizie.

Nimeigeuza sana ile saa moja. Tungesubiri, pengine angefia palepale kwenye joto lake, na pengine tusingempata kamwe. Mita 300 zile alizitembea kwa sababu yetu. Yote mawili siwezi kuyapinga. Lakini yanakuja baada ya vidole, na vidole nilivijua kabla sijafyatua. Tangu siku ile nimeshusha bunduki mara mbili, dume amesimama wazi mbele yangu. Mara ya pili Mjomba aliniuliza kulikoni. Nikamwonyesha mikono. Akaitikia kwa kichwa.

Asubuhi hii ganda lilikuwa mezani, kando ya kikombe cha binti yangu.

"Hapana," nikamwambia. "Hakufa papo hapo."

"Alikaa muda gani?"

"Karibu usiku mzima."

Alinyamaza. Kisha akalichukua, akalirudisha kwenye mfuko uleule wa koti, na koti akalitundika mahali pake.