Topido ya 24 imegonga (kumbukumbu ya mradi wa Tang)

Imegonga jamani. Jana usiku, kwenye simulesheni yangu ya kompyuta, topido ya 24 imetoka kwenye omo (pua) ya Tang, nyambizi ya Marekani ya Vita vya Pili vya Dunia, ikakata kushoto, ikazunguka na kuja kugonga upande wa kushoto kule tezi (nyuma), usawa wa chumba cha nyuma cha topido, pale pale ilipogonga mwaka 1944. Nilipiga ukelele mpaka mke wangu akaja kuuliza kuna nini, nikamwambia nimezamisha nyambizi, akaguna akarudi kulala.

Mnaofuatilia mnajua nilikwama wapi. Doria nne za kwanza za O'Kane, kamanda wa Tang, hazikunisumbua. Ile ya tatu, ya kuzamisha meli 10, niliimaliza haraka kuliko nilivyotegemea manake data zake zimenyooka. Truk nayo, kambi ya Wajapani visiwani Pasifiki, ile doria ya pili ambayo Tang ilizunguka kuokota watu 22 wa ndege zilizotunguliwa, nimeiweka kwenye ramani kama nukta tu, ntairudia siku moja. Ya tano ndo iliyoninyima usingizi.

Kwa kifupi: Mlango-Bahari wa Formosa (Taiwan), usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Oktoba 1944, O'Kane kabakiza topido mbili kati ya 24 alizotoka nazo. Anafyatua ya 23, inaenda vizuri. Anafyatua ya mwisho, baada ya hapo ni safari ya kurudi nyumbani tu. Hiyo ya mwisho inaibuka juu ya maji, inakata kushoto, inageuza. O'Kane yuko juu darajani anaiona inakuja, anaagiza injini nguvu zote na usukani upigwe ili tezi itoke njiani. Kama sekunde 20 tangu ifyatuliwe, ikampata. Watu walikuwa 87, wakafa 78.

Sasa chukua kalamu. Mark 18 ni topido ya umeme, noti 29 (maili za baharini kwa saa), sawa na karibu mita 15 kwa sekunde. Kwa sekunde 20 inakuwa imekimbia kama mita 298. Ukisema hizo 298 ni duara zima, kipenyo kinatoka mita 95. Na Tang yenyewe urefu wake ni mita 95. Niliitazama hiyo namba muda mrefu kweli. Imetokea tu, najua, na zile sekunde 20 zenyewe ni za makadirio, lakini mtu ukishaiona huwezi kuiacha.

Hapo ndo balaa lilipoanzia. Nikiiacha nyambizi imesimama, topido inamaliza duara na kugonga mita 20 hivi nyuma ya omo, yaani mbele kabisa, sio tezi. Nikiipa nyambizi noti 10 tangu sekunde ya kwanza, topido inapita nyuma ya tezi bila hata kugusa rangi, O'Kane anarudi Pearl Harbor na watu wake wote. Basi nikasema nichezee duara. Nikilipanua, muda unavuka sekunde 20 na chombo kinakuwa kishaondoka, nikilibana topido inarudi mapema mno. Nikachezea noti za topido, kwamba labda ikiibuka juu inapoteza mwendo, ikawa vilevile. Kila nikigusa hapa kunaharibika kule. Kuna usiku nilifunga laptopu kwa hasira nikaenda kuosha vyombo, na mimi vyombo sipendi.

Halafu kulikuwa na huu ujinga wa hatua ya muda. Mwanzoni nilikuwa napiga hesabu kila sekunde moja, mwendo wa kawaida tu kwenye Excel. Topido ya mita 15 kwa sekunde inaruka mita 15 kila hatua, na Tang upana wake ni kama mita 8. Kwahiyo topido ilikuwa inapita KATIKATI ya nyambizi kama jini, hatua hii iko kushoto, hatua inayofuata iko kulia, na programu inasema hakuna kilichogongwa. Nikahamia Python, hatua ya sekunde 0.01, hiyo shida ikafa siku hiyohiyo. Na niseme tu, wale wanaonishauri kila siku nihamie kwenye injini kubwa za magemu, hapana asanteni. Sihitaji maji yanayong'aa wala mawingu. Nahitaji nukta mbili na mstari kwenye grafu, matplotlib ya Python inatosha, na laptopu yangu hata Chrome tu inaipeleka puta. Excel naiheshimu kwa mambo ya orodha, tani, tarehe, nani kazama wapi, ila ukitaka kitu kitembee usiilazimishe.

Kilichofungua mlango ni hiki: niliacha kuipa nyambizi mwendo, nikaipa nguvu. Tofauti ni kubwa sana. Tang juu ya maji ni tani 1,500 na ushee, haichomoki kama bodaboda. O'Kane anaagiza nguvu zote, mafundi chini wanaitika, mota zinasukuma, lakini uzito unagoma na maji yanazuia, mwendo unapanda kidogo kidogo. Kwahiyo kwenye kodi ya programu sasa kuna msukumo, kuna uzito, kuna ukinzani wa maji unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka, na nyambizi inaanza ikiwa inatambaa taratibu kama chombo kinachofyatua kinavyokuwa. Nikabonyeza, nikangoja. Wastani wa mwendo kwa zile sekunde ukaja noti 6 na kitu. Topido ikarudi, ikakuta omo imeshapita, katikati imeshapita, ikakutana na tezi. Sekunde ya 19 inaanza.

Nikaanza kusogeza namba moja moja. Wastani ukifika noti 8 topido inapita nyuma, inakosa. Ukishuka chini ya 5 inagonga kati. Yaani kati ya kugongwa tezi na kupona ni kama noti moja na nusu. Usukani nao nimeupiga huku na kule, kwa muda mfupi vile tezi inasogea kidogo tu, haitoshi. Simulesheni yangu haithibitishi kilichotokea usiku ule, duara lenyewe nimelichukulia kuwa kamili wakati topido iliyoharibika inaweza kuchora kitu chochote, lakini kwa mara ya kwanza hesabu na masimulizi ya walionusurika vinakaa meza moja.

Na walionusurika ni 9 tu. Kwenye orodha yangu nimewapanga hivi: watatu kutoka darajani, O'Kane mwenyewe akiwemo, mmoja ni Savadkin aliyetokea kwenye mnara wa nyambizi, chini ya daraja, halafu watano waliotoka chumba cha mbele cha topido wakati nyambizi imeshakaa chini, kina cha futi 180, mita 55 hivi, wakipanda na kile kifaa cha kupumulia cha Momsen. Chumba cha mbele! Kumbuka kwenye simulesheni, nyambizi ikisimama topido inagonga sehemu hiyohiyo. Hiyo ilinikalisha kimya kidogo.

Wajapani wakawachukua mateka, kambi ya Ofuna halafu ya Omori. O'Kane aliachiwa Agosti 1945 kakonda vibaya, na Machi 1946 Rais Truman akamvisha Nishani ya Heshima, ya juu kabisa Marekani, kwa mapigano ya usiku ule na ule uliotangulia. Nishani za Navy Cross alikuwa nazo tatu. Watu wakibishana nani alikuwa bora kwenye Pasifiki wanataja tani za meli zilizozamishwa, mimi natazama kwamba aliyafanya yote hayo kama kamanda ndani ya mwaka mmoja, 1944.

Mpango wa wiki hii ulikuwa kujenga TDC, ile kompyuta ya gia na mota ya kupigia hesabu ya pembe ya jairo, yaani topido igeuke kiasi gani. Nimeiacha. Sio uvivu, sababu ni O'Kane mwenyewe. Ukisoma alivyokuwa anafyatua, mara nyingi alikuwa anaweka periskopu kwenye mwelekeo mmoja, haigeuzi, anasubiri meli ipite yenyewe kwenye waya wa shabaha ndani ya periskopu, mlingoti huu fyatua, bomba la moshi fyatua, mlingoti wa nyuma fyatua. Hesabu imeshafanywa kabla, kilichobaki ni subira. Kwa kodi hiyo ni mistari michache. Nimeijaribu jioni moja na ikafanya kazi mara ya kwanza, mpaka nikaona kama inanidanganya.

Ningetakiwa sasa nirudi Truk nimalizie wale 22. Nilipanga pia Tullibee, nyambizi nyingine ya Marekani, ambayo ilizama kwa topido yake yenyewe Machi 1944 na kupona mtu mmoja tu, kodi ya duara ipo tayari. Ila kuna kitu kimeniingia kichwani na hakitoki: Wewak, kule New Guinea, Januari 1943, O'Kane akiwa bado msaidizi kwenye nyambizi Wahoo. Morton ndo kamanda lakini periskopu kamwachia O'Kane, na manowari ya Kijapani Harusame inakuja moja kwa moja juu yao, pua kwa pua. Wanafyatua usoni kwake. Hapo shabaha ni nyembamba kupita kiasi na kila kitu kinasogeleana. Nshafungua faili jipya. Harusame nikiipa noti 30 na topido ya mvuke ya Mark 14 noti 46, pengo linapungua mita 39 kila sekunde, na kwa hatua ya 0.01 hiyo ni karibu sentimita 40, ambayo kwa meli inayokuja pua mbele na kukwepa sidhani kama inatosha. Ntaanza na 0.001 nione laptopu itasemaje.