Si Mweka iliyokumaliza

Kila Kili Marathon, mbio za Moshi chini ya Mlima Kilimanjaro, ikiisha, magrupu ya WhatsApp ya klabu za joging hujaa picha za medali na sentensi moja ileile: "Mlima wa Mweka ulinimaliza." Sentensi hiyo ina ukweli nusu. Mlimani ndiko maumivu yalikojitokeza. Kosa lenyewe mara nyingi lilifanyika saa mbili nyuma, kwenye tambarare ya barabara kuu iendayo Dar, mtu akiwa bado mwepesi, anapita wenzake na kupunga mkono kwa wapiga picha. Ukiisoma vizuri rekodi ya mbio zako, utaliona.

Kwa asiyeijua njia ya kilomita 42: unaanzia Moshi mjini, mita kama 830 juu ya usawa wa bahari. Nusu ya kwanza unaimalizia mjini na barabara kuu, kwenda na kurudi, sehemu kubwa ikiwa tambarare. Karibu na kilomita ya 21 unaanza kupanda kuelekea Mweka, mita 1,150 hivi, unageuka kilomita ya 32 au hapo karibu, kisha unashuka hadi uwanjani. Wa kilomita 21 wao ni kupanda halafu kushuka, basi. Rekodi yao inasomeka kwa urahisi zaidi.

Kwanza, safisha namba zako. Tumia muda wa chipu, unaoanza wewe ukivuka mstari, maana wa bunduki unahesabu pia dakika ulizosimama nyuma ya umati. Halafu usiamini sana mwendo wa wastani unaoonyeshwa na saa ya mkononi. Njia rasmi hupimwa kwa kufuata mstari mfupi kuliko yote, kona zikikatwa sentimita 30 kutoka ukingoni, na huongezwa mita moja kwa kila elfu ili isije ikawa fupi. Wewe ulizunguka watu, ulihama upande kufuata meza za maji, na satelaiti nazo zilikosea kidogo chini ya miti. Saa ikikuandikia kilomita 42.7, hukuibiwa wala waandaaji hawajakosea. Ila ujue hesabu inavyogeuka: mwendo wa 5:38 (dakika 5 na sekunde 38) kwa kilomita kwenye saa yenye kilomita 42.7 unakupa 4:00:32, na wewe ulikuwa na uhakika kwamba umeshuka chini ya saa nne. Anayelenga saa nne kamili aiandae saa yake isome 5:35 au 5:36.

Sasa gawa mbio zako vipande vitatu: tambarare, kupanda, kushuka. Kugawa nusu kwa nusu hakukusaidii Moshi. Marehemu Kelvin Kiptum alipoweka rekodi ya dunia ya 2:00:35 Chicago mwaka 2023, nusu ya kwanza ilikuwa 60:48 na ya pili 59:47, na watu wengi wamekuwa wakiutafuta mpangilio huo kila mahali tangu hapo. Chicago ni tambarare kama sahani. Moshi nusu ya pili imebeba mlima wote.

Tuchukue mfano wa mtu aliyelenga kumaliza kwa saa nne na nusu (4:30). Mpango mzuri ungekuwa tambarare kwa 6:15 kwa kilomita, kupanda kwa 6:50, kushuka kwa 6:10. Inatoka 4:29 na sekunde kadhaa. Lakini siku yenyewe alijisikia vizuri, akakimbia tambarare kwa 5:55. Hapo aliokoa dakika saba, na nusu ya njia ilipofika alikuwa akijipongeza. Akapanda kwa 7:45: zikapotea dakika kumi. Akashuka kwa 7:20: zikapotea karibu dakika kumi na mbili. Mwisho wake 4:44. Dakika saba alizokopa alizilipa mara tatu, na sehemu kubwa ya deni aliilipa akiwa anateremka, mahali ambapo mlima hauna lawama tena.

Kwa sababu hiyo, kipande cha kukisoma kwa makini kuliko vyote ni kile cha kushuka. Kupanda kila mtu hupunguza mwendo. Makadirio ya makocha ni sekunde 8 hadi 10 kwa kilomita kwa kila asilimia moja ya mwinuko, na Mweka ni kama asilimia tatu kwa wastani. Ukipanda ukiwa umepunguza sekunde 25 hadi 35 ukilinganisha na tambarare, hakuna kilichoharibika. Ukishuka polepole kuliko ulivyokimbia tambarare, kuna kitu kimekatika, na unaweza kukijua ni kipi.

Angalia mapigo ya moyo pamoja na mwendo. Mwendo umeshuka na mapigo yamebaki juu, au yamepanda zaidi: hapo tafuta joto na maji. Damu inapelekwa kwenye ngozi kupoza mwili, jasho limepunguza ujazo wake, moyo unalazimika kupiga mara nyingi zaidi kwa kazi ileile. Mwendo umeshuka na mapigo yameshuka pamoja nao: injini imekosa mafuta, au miguu imegoma. Kutofautisha hayo mawili, kumbuka kichwa kilikuwaje. Ukiishiwa sukari unakuwa mzito wa mawazo, hasira za bure, baridi ya ghafla, hesabu ya kilomita zilizobaki haitoki. Miguu ikigoma kichwa kinabaki sawa kabisa. Unataka kukimbia, ila kila hatua ya kuteremka mapaja ya mbele yanauma kama yamepigwa rungu.

Tahadhari kidogo hapa. Vipimo vya mapigo vya kwenye kifundo cha mkono wakati mwingine hushika hatua zako badala ya moyo. Ukiona 170 na ushee tangu kilomita ya kwanza, haipandi mlimani wala haishuki popote, hiyo ni idadi ya hatua kwa dakika. Itupe, tumia kumbukumbu ya pumzi: ungeweza kusema sentensi nzima, au maneno mawili matatu tu?

Sukari inahesabika, kwa hiyo ihesabu. Kukimbia kunagharimu takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Mtu wa kilo 70 anatumia karibu 2,950 kwa marathoni nzima. Akiba ya wanga mwilini ni kama kilokalori 2,000, na kadiri unavyokwenda kasi ndivyo unavyoichoma kuliko mafuta. Zile sekunde 20 kwa kilomita ambazo mtu wetu alizidisha kwenye tambarare zilikula kwenye akiba hiyo. Kwa mbio za zaidi ya saa mbili na nusu unahitaji gramu 60 hadi 90 za wanga kila saa. Jeli moja, kile kipakiti cha sukari nzito cha wakimbiaji, ina 22 hadi 25, ndizi mbivu ya wastani kama 25, soda ya mililita 300 zaidi kidogo ya 30, lakini wewe ulipiga mafunda mawili ukamwaga, kwa hiyo andika tano. Jumlisha ulichokula kweli, gawa kwa saa ulizokimbia. Wengi wakifanya hesabu hii kwa uaminifu wanakuta gramu 15 kwa saa. Na waliokula vya kutosha wakatapika, mara nyingi walishushia jeli na soda: sukari juu ya sukari, tumbo linavuta maji badala ya kuyapitisha. Jeli hushushiwa na maji, mafunda matano sita.

Maji nayo mizani inatosha. Jipime kabla ya kuondoka na mara ufikapo, bila nguo zilizolowa. Kilo moja iliyopungua ni takriban lita moja. Kupungua kilo moja na nusu kwa mtu wa kilo 70 ni kawaida. Kuongezeka uzito si sifa. Ni dalili kwamba ulikunywa kila meza bila kiu, na chumvi ya damu ikishuka sana hapo, mtu anaweza kufa.

Miguu iliyogoma ndiyo inayosemwa vibaya kuliko yote. Wanaoshuka ngazi kinyumenyume Jumanne, siku mbili baada ya mbio, wanalaumu asidi ya laktiki, ilhali hiyo huondoka ndani ya saa moja hivi baada ya kusimama. Maumivu ya siku ya pili ni nyuzi za misuli zilizochanika kidogo kidogo, kwa sababu kwenye mteremko misuli ya paja hujikaza huku ikivutwa kurefuka. Mtu anafanya mazoezi miezi minne ya kupanda, anarudi chini kwa kutembea au kwa bodaboda, halafu anashangaa. Kucha nyeusi ni jambo jingine la mteremko: kiatu kifupi, au kamba hazikufungwa tundu la mwisho, basi kidole kinagonga mbele kwa maelfu ya hatua.

Andika haya ndani ya siku mbili. Wiki ikipita kumbukumbu inajipamba, na kilomita ya 25 uliyotembea inageuka kuwa "nilipunguza kidogo." Usiyalinganishe na muda wako wa mbio za Dar pia: kule unakimbia usawa wa bahari, tambarare, ndani ya unyevu unaozuia jasho kukauka. Ni mtihani mwingine kabisa.

Kurekebisha, chagua jambo moja kwa kila mbio. Kama ni mwendo, nyamaza kilomita 10 za kwanza hata ukipitwa na mjomba mwenye kitambi, utamkuta Mweka. Kama ni mapaja, tafuta mteremko. Mkazi wa Dar asiseme hana: Mlimani chuo kikuu upo, Pugu ipo. Anza wiki nane kabla, mara moja kwa wiki, mwishoni mwa mbio ndefu miguu ikiwa imeshachoka: kilomita mbili za kuteremka kwa jumla, uongeze taratibu hadi nne au tano, hatua fupi za haraka, mguu utue chini ya mwili na si mbele yake. Mara ya kwanza utaumwa siku tatu, ya pili utaumwa nusu ya hapo, kwa kuwa misuli hujizatiti upesi. Mteremko wa mwisho uwe wiki mbili au tatu kabla ya siku yenyewe.